Kifungua kinywa cha mwanafunzi anayepunguza uzito: mwongozo kamili kuanzia rolex, katogo mpaka birika la hosteli

Kila semista ikianza unaona kitu kilekile kwenye hosteli za wanafunzi za Kikoni, Banda na Kansanga hapa Kampala, mtu anaamua sasa napunguza uzito, anaenda supamaketi ananunua boksi la oti, maziwa ya lozi na matunda ambayo hata hayalimwi huku kwetu, pesa ya matumizi ya wiki mbili inaisha siku moja. Boksi likiisha anaanza kushinda njaa asubuhi, na ikifika saa tano yuko kwenye kibanda cha chapati anamaliza sahani ya kikomando (chapati iliyokatwakatwa na maharage) haraka haraka kabla lekcha ya pili haijaanza. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu chakula kizuri cha dayeti kimejaa hapahapa Uganda na ni cha bei ya mwanafunzi: mayai, maharage, karanga, mukene (dagaa), viazi vitamu, ulezi, dodo (mchicha), papai. Kinachotuongezea uzito asubuhi mara nyingi siyo matoke wala ile chapati, ni mafuta na sukari tunayomimina juu yake, halafu ile njaa ya saa tano inayomfanya mtu ale chochote kilicho karibu. Ukishughulikia hayo mawili, mafuta na sukari upande mmoja, njaa ya saa tano upande wa pili, kazi kubwa umeimaliza.

Kwanza hakikisha unahitaji hiyo dayeti

Usiruke hapa. Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, jibu utakalopata ligawanye tena kwa huohuo urefu. Mtu wa kilo 68 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 26.6 hivi. Shirika la Afya Duniani linahesabu 18.5 mpaka 24.9 kuwa uzito wa kawaida kwa mtu mzima, 25 kwenda juu uzito umezidi, na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Halafu azima futi ya fundi cherehani upime kiuno, kiuno kikizidi nusu ya urefu wako basi mafuta ya tumboni yameanza kuwa mengi hata kama mizani inasema uko sawa.

Kama uko chini ya 18.5 wewe huna cha kupunguza, unahitaji kula zaidi. Na kama uko katikati kabisa ya kawaida lakini mwenzako wa chumbani kakwambia umenenepa, msikilize futi siyo yeye. Mwenye kisukari, mwenye mimba, anayenyonyesha, anayemeza dawa kila siku, au mtu ambaye amewahi kujitapisha makusudi baada ya kula, huyo azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuanza chochote, na hili nalisema kwa uzito wote.

Kuhusu hesabu, nitaiweka fupi. Msichana wa chuo anayetembea kiasi anahitaji kama kalori 2,000 kwa siku, mvulana kama 2,500, inategemea na mwili wake na shughuli zake. Ukipunguza kama 500 kwa siku, mwanzoni utashuka karibu nusu kilo kwa wiki, na hiyo ni kasi nzuri, wanaoahidi kilo tano kwa wiki wanakupunguzia maji tu. Kwa hiyo kifungua kinywa cha kalori 350 mpaka 450 kinatosha wengi wetu. Usishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku nzima bila daktari kukuangalia.

Je ni lazima kula asubuhi?

Hapa watu wanagombana sana. Tumekua tukiambiwa kwamba asiyekunywa chai asubuhi ananenepa, ila ukweli ni kwamba mwaka 2019 jarida la madaktari la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 13 na hayakuonyesha kwamba kula asubuhi peke yake kunapunguza uzito, tena waliokula asubuhi kwa wastani walikula kalori zaidi kwa siku nzima kuliko walioruka. Yaani kifungua kinywa siyo dawa. Kama wewe mwili wako hauna njaa mpaka saa nne na ukifika saa nne unakula vizuri kwa utaratibu, endelea hivyo, saa nne ndiyo asubuhi yako.

Lakini jiangalie kwa ukweli. Wengi wetu tukiruka asubuhi hatuli vizuri saa nne, tunanunua mandazi matatu na soda kwenye kantini kwa sababu lekcha ilianza saa mbili, kichwa kimechoka, na kilicho karibu ni hicho. Kama ndivyo ulivyo, basi kula mapema ni kwa faida yako, siyo kwa sababu ya muujiza wowote, ni kwa sababu aliyeshiba anachagua na mwenye njaa kali hachagui.

Na suala la ulsa, maana hili linaogopesha watu kwenye hosteli zote. Ukiruka chai asubuhi tumbo linaweza kuwaka, na mwenye ulsa tayari anaumia zaidi tumbo likikaa tupu, hilo kweli. Ila chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha kazi yake. Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac ambazo tunanunua duka la dawa na kumeza bila kula. Kwa hiyo kama tumbo linakuchoma kila siku nenda ukapimwe, bakteria huyo anatibika kwa antibayotiki, usikae unajitibu kwa maziwa baridi mwaka mzima.

Kanuni ya sahani: protini kwanza

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Kabla ya kujiuliza utakula nini, jiulize protini yako ya leo ni ipi. Chai yetu ya kawaida ya mwanafunzi ni wanga juu ya wanga, chai ya sukari na mkate, chai ya sukari na mandazi, chai ya sukari na kabalagala (vitumbua vya ndizi), na ndiyo maana saa nne tumbo linanguruma kama hukula kitu. Protini na nyuzinyuzi zinakaa tumboni muda mrefu, hizo ndizo zitakuvusha mpaka chakula cha mchana.

Lenga gramu 15 mpaka 20 za protini asubuhi. Yai moja lina kama gramu 6 na kalori 70 na kidogo. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15 na kalori 230 hivi, pamoja na nyuzinyuzi nyingi sana, na kwa maoni yangu hakuna chakula cha dayeti kinachoyashinda maharage kwa bei yake. Kikombe cha maziwa au bongo (maziwa ya mgando) isiyo na sukari kina kama gramu 8 na kalori 150. Karanga konzi moja ndogo, gramu 30, zina protini gramu 7 lakini kalori zinafika 170, kwa hiyo karanga ni nzuri ila zinapimwa, hazitafunwi kutoka kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) huku unasoma. Mukene nao usiwadharau, wale samaki wadogo wana protini nyingi na kalisi kwa sababu unawala na mifupa yao, ukiwakaanga kavu na nyanya na kitunguu asubuhi wanakaa vizuri sana na kiazi.

Ukishapata protini ongeza kitu cha nyuzinyuzi, tunda zima au mboga, halafu wanga kiasi cha ngumi yako moja. Ngumi moja ya kiazi kitamu, au matoke, au mhogo wa kuchemsha, au mayuni (magimbi). Huhitaji mizani ya jikoni, ngumi unatembea nayo.

Kuhusu viazi vitamu, ukikuta vile vya rangi ya chungwa sokoni chukua hivyo. Vina vitamini A kwa wingi kuliko vyeupe, na kuvisambaza ni kazi ambayo Mganda mwenzetu Robert Mwanga ameifanya miaka mingi, mwaka 2016 alikuwa mmoja wa wanne walioshiriki Tuzo ya Chakula Duniani kwa ajili ya mazao ya namna hiyo. Chemsha na maganda yake, ule na maganda ukiyaosha vizuri.

Chai: hapa ndipo wengi wanapopoteza vita

Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 hivi, kalori 16, unaona ni kitu kidogo. Lakini sisi hatuweki kimoja. Mtu anaweka vijiko vinne kwenye kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, anakunywa asubuhi, anakunywa breki ya saa nne, anakunywa jioni na mkate, hapo amefikisha vijiko 12 hata hajagusa soda. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 25, yaani vijiko vidogo 6 kwa siku nzima. Na soda ya chupa ya mililita 300 peke yake inapita gramu 30.

Usikate sukari yote siku moja, utaichukia chai na utarudi kulekule. Punguza nusu kijiko kila baada ya siku nne au tano, ulimi unazoea taratibu. Kinachosaidia sana ni viungo, weka tangawizi, mdalasini, mchaichai, iliki kama unayo, chai ikiwa na harufu yake hutafuti utamu sana. Na asali isikudanganye, nayo ni sukari, ihesabu humohumo.

Kina dada hasa, sikilizeni hili. Chai, hata ile ya mkavu, inazuia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye maharage, dodo na ulezi. Ukila katogo (matoke yaliyopikwa pamoja na kitoweo sufuria moja) ya maharage halafu ukashushia na chai palepale unapoteza chuma kingi, na upungufu wa damu unakufanya uchoke darasani ukidhani ni dayeti. Kunywa chai saa moja kabla au saa moja baada ya chakula, na wakati wa chakula weka kitu chenye vitamini C, kipande cha papai, chungwa, katunda (pasheni), au nyanya mbichi tu, hiyo inasaidia chuma kunyonywa.

Jinsi ya kununua rolex ukiwa kwenye dayeti

Wengi wanakwambia acha kabisa rolex, yaani mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati, mimi sikubaliani. Rolex ina mayai, ina nyanya, ina kabeji, ina kitunguu, inapikwa mbele ya macho yako, ni chakula ambacho unaweza kukiongoza ukijua pa kushika. Tatizo liko sehemu mbili. Chapati moja kubwa ya ngano iliyokandwa na mafuta inaweza kufika kalori 300, na mafuta yanayomiminwa kwenye kikaango, kila kijiko kikubwa ni kalori 120, na wapo wanaomimina viwili vitatu bila kuangalia. Rolex ya chapati mbili na mayai mawili na mafuta ya kumwagika inaweza kupita kalori 900, hicho ni kifungua kinywa mara mbili.

Kwa hiyo fika mapema kabla ya foleni, maana wakati wa foleni muuzaji hana muda wa kukusikiliza, msalimie vizuri kisha umwambie taratibu: "Ssebo, niwekee mayai mawili, chapati moja, nyanya na kabeji nyingi, mafuta kidogo sana, kikaango kishapata moto." Ukienda kwa muuzaji mmoja kila siku atakuzoea na hutahitaji kueleza tena. Wengi wanakuwekea mboga za ziada bila kukudai. Mwombe pia chapati iliyokaa pembeni, siyo ile iliyotoka kukaangwa sasa hivi ikiwa bado inatiririka, na ikiwa ina mafuta juu ipanguse na karatasi safi, siyo karatasi ya mtihani wa zamani wala gazeti maana wino ule siyo wa kula.

Njia yangu ninayoipenda zaidi ni nusu chapati. Mayai mawili, nusu chapati, mboga nyingi, hapo uko kwenye kalori 350 mpaka 400 na protini imetosha. Nusu nyingine mpe rafiki, msifanye kila mmoja anunue yake kisha aseme ataacha nusu, hakuna anayeacha nusu.

Kikomando nacho kinaokoka kwa hesabu hiyohiyo: maharage mengi, chapati nusu au moja, mchuzi usiwe ule wenye mafuta yanayoelea juu. Ukimwambia mama wa maharage "Mama, maharage yazidi chapati ipungue" anaelewa na mara nyingi anafurahi.

Katogo, chakula ambacho hakijapewa heshima yake

Kama kuna kifungua kinywa kimoja ningewashauri wanafunzi wa Uganda wote wanaopunguza uzito, ni katogo ya matoke na maharage. Sufuria moja, hakuna mafuta mengi ya kukaangia, hakuna sukari, una wanga, protini na nyuzinyuzi pamoja, na unashiba mpaka saa saba. Katogo ya byenda (utumbo) ina protini pia na chuma, lakini byenda nyingine zina mafuta mengi, ukiona mchuzi umetanda mafuta ya manjano yaondoe na kijiko kabla ya kula. Katogo ya karanga ni tamu mno ila kalori zinapanda haraka, ile weka siku moja kwa wiki.

Kwenye hoteli ndogo za Wandegeya na karibu na vyuo wanakupa sahani iliyojaa mpaka pembeni. Kwa mtu anayepunguza uzito vipande vinne vya matoke vinatosha, omba maharage yaongezwe na dodo au nakati (mboga ya majani) pembeni kama wanazo. Sahani ikija imejaa, tenga sehemu mapema kabla hujaonja, ukishaanza kula hutatenga.

Ukipika mwenyewe kwa mtu mmoja, menya matoke manne, kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kidogo kimoja cha mafuta, siyo kikubwa, tia chumvi kidogo, matoke, kikombe cha maharage yaliyokwisha kuiva, maji kufunika, funika sufuria, dakika 20 hadi 25 imeiva. Mwishoni tupia dodo lililokatwa, dakika mbili toa. Pilipili, tangawizi, kitunguu saumu weka unavyotaka, havina kalori za kuhesabu.

Ukiwa huna jiko, una birika tu

Hosteli nyingi zinakataza koili na jiko la umeme, na kastodiani (msimamizi wa hosteli) akiikuta anaichukua, hapo sina ubishi maana koili zinachoma vyumba. Sigiri ya mkaa pia usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa hata kama kuna baridi, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini. Basi tufanye kazi na birika la umeme lililoruhusiwa, flaski ya mdomo mpana, bakuli lenye kifuniko, kisu na kijiko.

Uji wa ulezi ni rahisi kwa aliye na jiko, kwa mwenye birika peke yake ni mgumu kwa sababu unga unataka kuchemka siyo kulowekwa. Nunua tu uji uliopikwa asubuhi kutoka kwa kina mama wanaouza na mwombe akupe kabla hajatia sukari. Ulezi una nyuzinyuzi na kalisi, lakini uji peke yake hauna protini ya kutosha, kula na yai au konzi ya karanga. Bushera (kinywaji cha ulezi au mtama) tamu ya kwenye chupa mara nyingi imetiwa sukari nyingi, uliza kwanza.

Mayai ya kuchemsha nunua barabarani au chemsha kwenye chombo kinachoruhusiwa, dakika 10 kuanzia maji yanapochemka ili kiini kikauke. Yachemshe asubuhi ile utakayoyala, siyo Jumapili kwa ajili ya wiki nzima kama huna friji, chumba chetu cha joto yai lililochemshwa halikai. Yai bichi kwenye trei linakaa vizuri zaidi, weka mbali na jua.

Maharage, kuna jambo la usalama hapa. Usijaribu kuivisha maharage makavu kwa kuyaloweka kwenye flaski ya maji ya moto, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayotaka kuchemka hasa, dakika 10 au zaidi za mchemko mkali, la sivyo utatapika siku nzima. Nunua yaliyoiva kwa mama wa chakula jioni yakiwa yanachemka, suuza flaski na maji ya moto kwanza, tia maharage mpaka juu, funga. Flaski ikiwa nzuri, asubuhi maharage bado yana moto wa kuunguza ulimi, yale. Kama yamekuwa vuguvugu, au yana povu na harufu ya uchachu, mwaga, pole.

Na siku huna nguvu ya kitu chochote, kuna sahani ambayo haihitaji moto kabisa: mtindi au bongo isiyo na sukari kikombe kimoja, bogoya (ndizi mbivu) moja ndogo umeikatia humo, kijiko cha karanga zilizosagwa au odii ya Kaskazini (ufuta na karanga zilizosagwa pamoja) juu. Dakika tatu. Ovakedo nayo ipo nje kila kona msimu ukifika, ila za kwetu ni kubwa na gramu 100 zina kalori 160, kwa hiyo robo ya ovakedo kubwa siyo ovakedo nzima, na ukiila hiyo usiongeze karanga siku hiyohiyo. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu mdomoni tema na utupe, zinaweza kuwa na aflatoksini inayoharibu ini.

Wiki moja inavyoweza kwenda

Jumamosi nenda soko la Kalerwe au Nakawa asubuhi, nunua trei ya mayai 30 mchange watu wawili watatu (gawanya bei ya trei kwa 30 uone unavyookoa ukilinganisha na yai la dukani), viazi vitamu, fungu la nyanya, papai moja, bogoya za kijani kidogo ili zisiive zote siku moja. Jumatatu lekcha ya mapema, mayai mawili na kiazi kitamu. Jumanne katogo. Jumatano rolex ya nusu chapati. Alhamisi bongo na bogoya. Ijumaa uji bila sukari na mayai. Jumamosi katogo tena maana una muda, Jumapili kula mnachokula pamoja na wenzako au familia, ila ngumi yako ile moja ya wanga uifuate. Huna haja ya kubadilisha vyakula kila siku, mtu akila vilevile vinne anavyovipenda anadumu kuliko anayetafuta mapishi mapya kila asubuhi.

Ndugu zetu Waislamu mwezi wa Ramadhani, sahani hizihizi zihamishieni kwenye daku, maharage na mayai hasa, na maji ya kutosha, halafu futari msianzie kwenye sambusa na kabalagala za mafuta, tende, maji, kisha uji na tunda, chakula kizito baadaye.

Mambo yanayoharibu kazi kimyakimya

Chai za kupunguza uzito zinazouzwa kwenye magrupu ya simu na barabarani, nyingi zina dawa za kuharisha kama senna. Unaenda chooni mara nne, mizani inashuka, unafurahi, lakini kilichotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yako palepale. Usinywe. Maji ya limau ya asubuhi hayachomi mafuta, ni maji tu, mazuri kama unapenda, yakikuumiza tumbo acha.

Juisi nayo. Glasi moja ya juisi ya katunda ya kantini ina sukari iliyomwagwa kwa kikombe, na hata ile isiyo na sukari nyuzinyuzi zimechujwa zikabaki sukari ya matunda. Kula tunda lenyewe, fenesi vipande vichache, nanasi kipande, papai.

Usingizi pia ni sehemu ya kifungua kinywa, najua inaonekana haihusiani. Ukilala kwa masaa manne tu badala ya masaa saba, kesho yake homoni za njaa zinapanda na utatamani vitu vya sukari na mafuta, na hakuna yai litakalozuia hilo. Wiki ya mitihani ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo wiki hiyo usipunguze chakula, kula kiasi cha kawaida, andaa usiku, chupa ya maji na bogoya viwe tayari kwenye begi, mayai uyapate asubuhi njiani, uingie kwenye chumba cha mtihani umeshiba.

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya kula, kila siku haisaidii maana maji ya mwilini yanapanda na kushuka, na kwa wasichana karibu na hedhi uzito unaongezeka kidogo kisha unaondoka. Wiki nne zikipita hakuna kilichosogea, usikimbilie kukata kifungua kinywa, angalia kwanza mafuta ya chakula cha jioni, soda, bia za wikiendi na vile vitafunio vya usiku wa kusoma, mara nyingi jibu liko huko. Na ukianza kupata kizunguzungu ukisimama, hedhi ikikatika, nywele zikidondoka, au ukijikuta unawaza chakula siku nzima na kuogopa kula mbele ya watu, simamisha dayeti siku hiyohiyo na uende kliniki ya chuo, uwaeleze wazi unakula nini na kiasi gani kuanzia asubuhi mpaka usiku.